Hasira Haipigi Kura



Tarehe 3 Novemba 2026 ndiyo siku iliyopangwa Wamarekani kuchagua wabunge wote 435 wa Baraza la Wawakilishi na kama theluthi moja ya maseneta. Jina la rais halimo kwenye karatasi ya kura, na kwa sababu hiyo wengi wetu huuangalia uchaguzi huu kama daladala isiyo ya njia yetu. Wenyewe wanauita uchaguzi wa katikati ya muhula. Mimi nasema kwamba kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili katika nchi hii huu ndio uchaguzi ambao kura yetu chache zinaweza kuonekana, na nitaeleza kwa nini. Nitasema pia jambo ambalo wapinzani wa hapa hawapendi kuambiwa, na wa kwetu hawalipendi vilevile: aliyeko madarakani kuchukiwa hakumfanyi mpinzani wake apendwe, na umati wa barabarani si chama.

Niweke sawa maneno kwanza tusije tukapotezana. Nikisema jimbo nina maana ya yale 50, kama Iowa au Texas. Lile ambalo Tanzania tunaliita jimbo la uchaguzi, lenye mbunge wake mmoja, hapa nitaliita eneo la ubunge. Na uchaguzi wa ndani ya chama wa kumpata mgombea nitauita kura za maoni kama tulivyozoea, ila ujue kwamba hapa anayepiga ni mpiga kura wa kawaida, si wajumbe waliofungiwa ukumbini.

Haya, hesabu zikoje? Katika uchaguzi wa 2024 chama cha Republican kilipata viti 220 vya Baraza la Wawakilishi na Democrat 215. Ili uwe na wingi unahitaji 218. Maana yake wapinzani wakiongeza viti vitatu tu juu ya walivyopata mwaka ule, spika anabadilika. Historia nayo inawapa moyo: tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia chama cha rais kimepoteza viti vya baraza hilo karibu kila uchaguzi wa katikati ya muhula, isipokuwa 1998 na 2002. Seneti ni mlima mwingine kabisa. Huko Republican walitoka 2024 na viti 53 kwa 47, na kura zikifungana makamu wa rais ndiye mwamuzi, kwa hiyo Democrat wanahitaji viti vinne vya ziada, tena vingi vya hivyo wavitafute katika majimbo ambayo Donald Trump alishinda.

Mtu akisoma hesabu hizo harakaharaka atasema baraza la chini limeshapatikana, tusubiri kusherehekea. Taratibu, jamani! Mwaka 2022 Republican nao waliambiwa hivyo hivyo. Rais Biden alikuwa hapendwi, bei za vitu zimepanda, na watu wakatabiri gharika. Zikahesabiwa kura, Republican wakaambulia nyongeza ya viti tisa tu, na Democrat wakaongeza kiti kimoja Seneti. Juni ya mwaka huo Mahakama Kuu ilikuwa imeondoa haki ya kikatiba ya utoaji mimba, na Agosti wapiga kura wa Kansas, jimbo la kihafidhina, walikataa kwa karibu asilimia 59 pendekezo la kuiondoa haki hiyo kwenye katiba yao. Historia inakupa matumaini, lakini haikupi hati ya kumiliki.

Kisha kuna ramani. Agosti 2025 Texas ilichora upya mipaka ya maeneo ya ubunge katikati ya muongo, kwa kuombwa na Trump, ili Republican wapate hadi viti vitano zaidi. California ikajibu Novemba 2025 kwa kura ya wananchi iliyopitisha ramani yake, inayolenga kuwapa Democrat idadi kama hiyo. Majimbo mengine nayo yakaingia kwenye mchezo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba maeneo yatakayopigiwa kura ni yaleyale aliyoyazoea. Ndugu yangu wa Houston au Dallas, huenda mbunge wako wa zamani si wako tena, na wewe hujui.

Sasa tuje kwenye umati. Tarehe 14 Juni 2025, na tena tarehe 18 Oktoba, mamilioni ya watu waliingia barabarani katika miji mikubwa na midogo kwa kauli ya "Hakuna Wafalme". Mtu wa Bongo aliyezoea kuona maandamano ya watu mia mbili yakizuiwa na magari ya maji ya kuwasha anaangalia picha zile anasema, huyu mtu hafiki mwakani! Lakini sisi tuna methali: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wanasiasa wa chama tawala nyumbani wanaipenda sana methali hii, na kwa bahati mbaya mara nyingi wana haki ya kuipenda. Chura atapiga kelele usiku kucha, na asubuhi ng'ombe yupo kisimani.

Je, kuna wakati chura alimzuia ng'ombe? Upo. Tuangalie mara mbili, moja ya upande wa kulia na moja ya upande wa kushoto, ili asitokee mtu wa kusema napigia debe chama.

Mara ya kwanza ni ile harakati ya Tea Party. Februari 2009 Rais Obama alikuwa na mwezi mmoja tu Ikulu, ametia saini mpango wa kuinua uchumi wa dola bilioni 787. Mtangazaji mmoja wa televisheni akafoka akiwa kwenye soko la biashara la Chicago, maneno yakasambaa, na kufikia tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, watu wakakusanyika katika mamia ya miji. Wengi waliwacheka. Waliwaita wazee wenye kofia za ajabu. Agosti wazee hao wakaacha viwanja vikubwa wakaenda kwenye mikutano midogo ya wabunge wao, ile ya ukumbi wa shule na maktaba, wakawauliza maswali kuhusu sheria ya bima ya afya mpaka wabunge wakaanza kuikimbia mikutano yao wenyewe. Januari 2010 kiti cha Seneti cha Massachusetts, alichokikalia marehemu Ted Kennedy kwa zaidi ya miaka 40, kikaenda kwa Republican. Novemba chama hicho kikaongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi.

Lakini lisilosemwa sana ni kwamba mwaka ule ule Republican waliongeza viti zaidi ya 600 katika mabunge ya majimbo. Ni viti ambavyo wenzetu wengi hapa hata hawajui kama vipo. Wabunge hao wadogo ndio waliochora ramani baada ya sensa ya 2010. Matokeo yake yalionekana 2012: Obama akarudi Ikulu, wagombea ubunge wa Democrat nchi nzima wakapata kura zaidi ya milioni moja kuliko wenzao, na bado Republican wakabaki na viti 234 kwa 201. Soma tena sentensi hiyo polepole. Aliyepata kura chache alibaki na baraza, kwa sababu miaka miwili nyuma alijali kiti kidogo ambacho mwenzake alikidharau.

Harakati hiyo ilikuwa na ugonjwa wake pia. Septemba 2010 huko Delaware wanaharakati walimwangusha Mike Castle kwenye kura za maoni, mtu aliyewahi kuwa gavana na aliyependwa na watu wa vyama vyote, wakamweka Christine O'Donnell. Novemba akashindwa vibaya na Chris Coons. Nevada walimweka Sharron Angle, na Harry Reid aliyekuwa taabani akapona. Seneti ikawaponyoka. Walitaka mgombea wa kuwafurahisha wao, wakasahau kwamba kura nyingine zinatoka kwa majirani wasiofurahishwa na mambo yaleyale.

Mara ya pili ni 2017 na 2018. Desemba 2016 watu waliowahi kufanya kazi kwenye ofisi za wabunge waliandika mwongozo mfupi uitwao Indivisible, wakasema waziwazi kwamba wanaiga mbinu za Tea Party: mtafute mbunge wako mwenyewe, nenda kwenye mkutano wake, piga simu ofisini kwake, usipoteze muda na mbunge wa mtu mwingine. Januari 2017 yakaja maandamano makubwa ya wanawake. Julai jaribio la kufuta sheria ya bima ya afya likakwama Seneti kwa kura ya John McCain. Na Novemba 2018 Democrat wakaongeza viti 40. Karibu nusu ya wenye haki ya kupiga kura walijitokeza, kiwango ambacho uchaguzi wa aina hii haukuwa umekifikia kwa miaka zaidi ya mia moja. Mmoja wa walioingia bungeni siku hiyo ni Ilhan Omar wa Minnesota, aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya.

Kwa hiyo katika mara zote mbili maandamano yalikuwa mlango tu. Waliofanikiwa walipita mlangoni wakaingia ndani wakafanya kazi isiyopigwa picha. Wenzetu wa Kenya wana neno zuri, wanasema kwenda mashinani. Kule kwenye shina ndiko mti unakoshikilia ardhi.

Sasa niwalete karibu na sisi. Mimi naishi Iowa, ambako Waswahili wa Kongo, Burundi na Tanzania wamejaa kiasi kwamba ukienda dukani Iowa City unaweza kununua unga na kuagana na mtu bila kutamka neno la Kiingereza. Mwaka 2020 kiti cha ubunge cha eneo hilo kilipata mshindi kwa tofauti ya kura sita. Si elfu sita, si mia sita. Kura sita, kati ya zaidi ya 390,000. Mariannette Miller-Meeks wa Republican alipata 196,964 na Rita Hart wa Democrat 196,958. Familia moja ya Kikongo iliyoshiba watoto wakubwa ingeamua kiti kile upande wowote inaotaka! Mwaka 2024, mipaka ikiwa imeshabadilika lakini Iowa City ikiwa bado ndani, mbunge yuleyule alibaki na kiti kwa kura zisizofika 1,000.

Na kama unadhani hayo ni ya Iowa peke yake, huko Virginia mwaka 2017 wagombea wawili wa bunge la jimbo walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Januari 2018 majina yao yakatiwa kwenye bakuli likachomolewa moja. Bahati nasibu hiyo ndiyo iliyowaachia Republican wingi wa viti 51 kwa 49.

Katika msimu wa 2022 nilikuwa nikizunguka milango ya Waswahili na karatasi za maelezo. Mzee mmoja wa kutoka Kivu, raia wa Marekani tangu miaka kadhaa, alinikaribisha kwa chai na kunisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Kisha akaniambia kwamba yeye siasa alishaiacha kule, kwa sababu kule kila uchaguzi ulikuja na bunduki nyuma yake, na hapa alikuja kutafuta usingizi. Sikubishana naye. Nilimwuliza tu, mzee, dada yako bado yuko kambini Nyarugusu? Akasema yuko, faili lake linasubiri. Nikamwambia idadi ya wakimbizi wanaoingia nchi hii kila mwaka inapangwa na mtu anayetokana na kura. Akanyamaza, akaomba nimwachie karatasi.

Nakumbuka mazungumzo yale kila nikisoma yaliyofuata. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa. Oktoba mwaka huo ikatangazwa kwamba kwa mwaka wa fedha wa 2026 watapokelewa wasiozidi 7,500, kutoka kikomo cha 125,000 kilichowekwa mwaka uliotangulia. Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi yaliyokuwa yakipokelewa. Juni 2025 Burundi iliwekewa vizuizi vya viza, na Desemba Tanzania nayo ikatangazwa kwenye orodha ya vizuizi vya sehemu. Simdanganyi mtu hapa: Baraza la Wawakilishi likibadilika mkono halitafuta amri hizo asubuhi yake. Lakini litashika kamati, litaita mawaziri kujieleza, na litakuwa na kauli kwenye bajeti. Tofauti ya kuulizwa na kutoulizwa si ndogo. Sisi tuliotoka kwenye mabunge ya "ndiyo mzee" tunaijua vizuri.

Sasa wapinzani wa hapa wanabishana wao kwa wao. Wapo wanaomtazama Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, mtoto wa Profesa Mahmood Mamdani aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alimbwaga Andrew Cuomo kwenye kura za maoni Juni 2025 na tena Novemba, akawa meya wa New York, kwa msaada wa makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea waliogonga milango wakizungumza habari ya kodi za nyumba na nauli za basi. Wanasema, tumpate mtu kama huyo kila mahali. Wengine wanasema hapana, tazameni siku hiyohiyo Abigail Spanberger alivyochukua ugavana wa Virginia na Mikie Sherrill ule wa New Jersey, wote watu wa siasa za katikati.

Kwa maoni yangu ugomvi huu hauna maana. Wote watatu waliimba wimbo mmoja wa gharama za maisha, kila mmoja kwa sauti inayosikika mtaani kwake. Mgombea wa Queens ukimpeleka mashambani Iowa atarudi mikono mitupu, na wa Iowa ukimpeleka Queens vilevile. Wanaharakati wakilazimisha mgombea wa aina moja kila mahali watairudia Delaware. Na wakubwa wa chama wakiwazima wanaharakati kwa kuogopa kelele, watabaki na wagombea wazuri wasio na mtu wa kuwagongea milango.

Najua msomaji wa nyumbani anauliza, haya yananihusu nini? Sisi hatuna uchaguzi wa katikati ya muhula. Tulicho nacho Tanzania Bara kinachokaribiana ni uchaguzi wa serikali za mitaa, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Ule wa tarehe 27 Novemba 2024 CCM ilitangazwa kushinda karibu asilimia 99 ya nafasi za wenyeviti wa mitaa na vijiji, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Aprili 2025 Tundu Lissu akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na CHADEMA ikazuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutotia saini kanuni za maadili. Yaliyotokea tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, mkiwa mmezimiwa intaneti, mnayajua kuliko mimi. Siwezi kukaa Iowa nikawaambia watu waliofungiwa mlango kwamba kosa lao ni kutogonga vya kutosha.

Ila nitasema hili kwa heshima. Nguvu ya CCM haikuwa dola peke yake. Kwa miaka mingi chama kile kimekuwa na balozi wa nyumba kumi, mtu anayejua nani kafiwa, nani mgonjwa, mtoto wa nani kafaulu. Wapinzani wetu wengi walijenga helikopta na viwanja vilivyofurika, kisha siku ya kura baadhi ya vituo havikuwa na wakala wao. Siku mlango utakapofunguka, atakayeingia ni yule mwenye watu wake mtaani. Na vijana wa Kenya, waliomfanya Rais Ruto akatae kutia saini Muswada wa Fedha Juni 2024, wana mtihani uleule: je, ile nguvu itageuka kuwa kadi za kupigia kura kabla ya Agosti 2027, au itabaki picha kwenye simu?

Turudi huku Marekani, nimalizie na ya kufanya. Kama wewe ni raia, hakikisha umejiandikisha kwa anwani unayoishi sasa, maana sisi wabeba boksi tunahamahama. Kila jimbo lina utaratibu wake: Texas unatakiwa uwe umejiandikisha siku 30 kabla, Iowa unaweza kujiandikisha siku ileile ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Kama una kadi ya kijani tu, sheria inakuruhusu kujitolea na kuchangia kampeni, lakini kura ya shirikisho usiiguse hata ukibembelezwa, kwani ni kosa linaloweza kukutoa nchini. Hata kujiandikisha usijiandikishe. Na wote, tusiishie kwenye jina la juu. Shuka na karatasi mpaka chini, kwenye bunge la jimbo, bodi ya shule na baraza la mji, maana huko ndiko ramani na mambo ya watoto wetu yanakoamuliwa.

Sijamwambia mtu amchague nani. Kuna Waswahili wa Republican na wa Democrat, na misikiti na makanisa yetu yana wote. Ninachosema ni kwamba anayelalamika barazani Januari hadi Oktoba, kisha Novemba akasema yuko zamu, amemsaidia yule anayemlalamikia. Ombeni ruhusa kazini mapema, au pigeni kura za mapema pale zinaporuhusiwa. Kura sita, ndugu zangu. Nyumba yako ina watu wangapi?

Naomba kuwasilisha.